Pamba Si Kinga: Kibiti na Delta ya Rufiji Wachague Vizibo Vipi vya Masikio?

Msimu wa mavuno ya mpunga ukifika, mashine za kukoboa kando ya Barabara ya Kilwa hazipumui. Bungu, Kibiti mjini, na kule Ikwiriri kabla ya kuvuka Daraja la Mkapa, magunia yanashushwa kutoka kwenye pikipiki na bajaji za mizigo, mpunga unamiminwa kwenye mdomo wa mashine, na mwendesha mashine anasimama hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye injini, mpaka gunia la mwisho liishe. Wateja wanaongea kwa vidole: viwili, yaani magunia mawili, kiganja kikipepea, yaani pumba nitazifuata kesho. Ndani ya banda la bati sauti haina pa kutokea, inagonga ukuta na kurudi ilikotoka.

Jioni mwendesha mashine akifika nyumbani anaongeza sauti ya redio. Mkewe anaipunguza. Baada ya dakika chache redio imepanda tena. Kwa wataalamu wa masikio, ugomvi huo mdogo wa redio ni moja ya dalili za mapema za usikivu unaoharibika kwa kelele. Dalili nyingine ni mlio unaobaki masikioni baada ya kazi, na mazoea ya kuuliza "umesemaje?" kila penye watu wengi.

Kelele haiondoi sauti zote kwa mkupuo. Huanza na sauti nyembamba, hasa zile za karibu na hezi 4,000, na eneo hilo linapakana na sauti zinazobeba konsonanti kama s, sh, f, t na k. Irabu, ambazo ni nzito zaidi, hubaki. Ndiyo maana mtu aliyeumizwa na kelele hulalamika kwamba anasikia watu wakisema ila hashiki wanachosema: kaka, taka, paka na saka humfikia kama neno moja. Kijana anayepita akamwamkia shikamoo kwa sauti ya chini hapati marahaba, naye anaondoka akidhani mzee ameanza kiburi.

Madhara yenyewe yanatokea ndani kabisa, kwenye sikio la ndani. Kila sikio lina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa inazilaza kama miche ya mpunga iliyopitiwa na viboko. Zilizolala kidogo huinuka baada ya usiku wa utulivu, na ndiyo sababu masikio yaliyozibwa na mvumo jioni huwa yamefunguka asubuhi. Zilizokufa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, na kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti tu kwa zile zilizosalia.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma. Sababu ni nyingi: maambukizi ya utotoni, uzee, baadhi ya dawa kali. Kelele ni ya pekee katika orodha hiyo kwa sababu inaweza kuzuiwa kwa kifaa kinachoenea kwenye ncha ya kidole, alimradi kichaguliwe na kuvaliwa inavyotakiwa.

Delta haiko kimya

Mgeni anayeiangalia delta ya Rufiji kwenye ramani huona kijani kitupu: takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Anaweza kudhani kelele pekee ni za ndege na maji yanayokupwa. Wakazi wa Salale, Mbuchi, Msala na Kiongoroni wanajua vingine. Usafiri wao ni maji, na siku hizi maji hayo hukatwa na boti za faiba zenye injini. Kutoka Nyamisati boti huingia kwenye mito ya delta au hukata bahari kuelekea Kilindoni, Mafia, na mshika usukani hukaa nyuma, mkono juu ya mpini wa injini, safari nzima. Injini za zamani, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, ndizo zenye makelele zaidi.

Nchi kavu orodha ni ndefu. Mafundi wa kuchomelea mageti na madirisha wanakata vyuma kwa grenda. Mafundi seremala wanapitisha mbao kwenye mashine ya randa. Msumeno wa injini unapasua minazi iliyozeeka. Jenereta dogo linanguruma mlangoni mwa duka umeme unapokatika. Mwendesha bodaboda anayetoka Kibiti kwenda Bungu kwa kasi anapigwa masikioni na upepo kuliko na injini yake. Na Ijumaa usiku kuna sherehe, spika zimepangwa ukutani kwa ukubwa wa makabati, na singeli inapigwa mpaka kifua kinatikisika.

Delta hiyo hiyo imewahi kusikia kelele kubwa kuliko hizi zote. Baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, meli ya kivita ya Kijerumani SMS Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya Rufiji na kuzingirwa huko kwa miezi kadhaa. Waingereza walilazimika kuleta kutoka Malta meli mbili zenye kina kifupi, HMS Severn na HMS Mersey, zilizoweza kuingia mtoni. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai. Mizinga ya inchi sita upande mmoja na mizinga kumi ya sentimita 10.5 upande wa pili iliunguruma juu ya vijiji vya delta, huku ndege zilizoruka kutoka Mafia zikielekeza shabaha, hadi Königsberg ikaharibika kabisa. Makombora yalirushwa kwa mamia.

Mzinga mkubwa hutoa zaidi ya desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja tu unaweza kuharibu sikio papo hapo au kuchana kiwambo chake. Ulaya tatizo hilo lilikwishaanza kutafutiwa dawa. Mwaka 1907 mfamasia Max Negwer wa Berlin alibuni vizibo vya nta iliyochanganywa na pamba na kuviita Ohropax. Alikusudia watu wanaosumbuliwa na makelele ya jiji, lakini vita vilipoanza wateja wake wakubwa wakawa askari. Vizibo vya aina hiyo vinauzwa hadi leo.

Kishindo cha mzinga ni aina moja ya hatari. Pwani ya Tanzania imekijua pia kwa njia ya uvuvi haramu wa baruti, ambapo mlipuko mmoja karibu na mtumbwi unaweza kumwondolea mtu usikivu hata kama vidole vyake vyote vimebaki salama. Aina ya pili haina kishindo. Inakula polepole, siku baada ya siku, na mwendesha mashine wa kukoboa huizoea kabla hajaigundua.

Hesabu ya desibeli na saa

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu na desibeli 60. Kwa Tanzania, kikomo cha kelele kazini ni desibeli 85 kwa zamu ya saa nane. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2005, iliweka 90. Tofauti ya tano inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki kina ujanja wake: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa desibeli 85, saa nane. Kwa 88, saa nne. Kwa 91, saa mbili. Kwa 94, saa moja. Kwa 97, nusu saa. Kwa 100, robo saa. Msumeno wa injini, unaofika karibu 110, unamaliza posho ya siku nzima kabla ya dakika mbili kutimia.

Mashine za kukoboa na kusaga mara nyingi huangukia kati ya desibeli 85 na 100, kutegemea injini, ubovu wa beringi na ukaribu wa kuta. Grenda ikishika chuma huvuka 95 bila taabu. Asiye na chombo cha kupimia anaweza kutumia kipimo cha mkono: kama watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili waelewane, kelele imefika au imevuka 85. Simu nyingi za kisasa zinaweza kuwekewa programu ya kupima sauti. Majibu yake si ya maabara, lakini yanatosha kumwambia mwenye mashine kama tatizo lake ni la 88 au la 100.

Kwamba kelele za kazini zinaharibu masikio ya Watanzania si dhana tena. Israel Nyarubeli wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, aliwapima wafanyakazi 221 wa viwanda vya chuma na nondo na kuwalinganisha na walimu 107 wa shule za msingi. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa kwenye kelele ya wastani wa desibeli 92. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa asilimia 48 kati yao walikuwa na upungufu wa usikivu, ikilinganishwa na asilimia 31 ya walimu. Na walimu nao hawakuwa wakifanya kazi msikitini saa ya sala: wastani wa kelele yao ulikuwa karibu desibeli 80.

Pamba, karatasi na spika za simu

Kinga ya kwanza inayomjia mtu akilini ni pamba. Inapatikana kila duka la dawa, ni laini, na inampa mvaaji hisia kwamba amefanya jambo. Tatizo ni kwamba pamba kavu ina matundu mengi mno, hivyo hewa inayobeba sauti hupita katikati yake. Hupunguza desibeli chache tu, na nyuzi zake zinaweza kubaki ndani ya tundu la sikio. Karatasi laini za chooni zina kasoro hiyo hiyo. Afadhali kuziba masikio kwa vidole: kidole kikizibia barabara kinazuia sauti kuliko pamba, ila hakuna anayeweza kukoboa mpunga huku mikono iko masikioni.

Vijana wengi wana suluhisho lao: spika ndogo za simu. Wanazivaa wakiwa kwenye grenda au bodaboda na kuwasha muziki ili kelele isisikike. Hapo sikio linapata mzigo mara mbili. Kelele ya nje inaingia, na muziki unapandishwa ili uishinde. Spika ambayo haikutengenezwa wala kupimwa kama kinga isihesabiwe kuwa kinga.

Sponji, mpira, nta na kichujio

Vizibo vinavyopatikana kwa wingi zaidi ni vile vya sponji, vyenye rangi ya njano au machungwa. Sponji ya aina hii, inayobonyezwa ikawa nyembamba kisha ikajirudia polepole, ilianza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi sasa ndiyo inayozuia kelele nyingi kwa bei ndogo. Inafaa kwa mwendesha mashine anayekaa na kelele saa nyingi mfululizo. Udhaifu wake ni mikono. Lazima iviringishwe kwa vidole kabla ya kuingizwa, na mtu mwenye vidole vyenye grisi, samadi au vumbi la pumba anaingiza uchafu huo moja kwa moja sikioni.

Vya mpira laini au silikoni vina umbo la miavuli midogo miwili au mitatu iliyopandana kwenye kijiti. Haviviringishwi, vinashikwa kwa kijiti na kusukumwa. Vingi vina kamba inayoviunganisha, hivyo vinaning'inia shingoni wakati wa mapumziko bila kuanguka kwenye pumba au kwenye maji ya chini ya boti. Huoshwa kwa sabuni na kutumika kwa miezi. Kwa fundi wa kuchomelea anayewasha na kuzima grenda mara ishirini kwa siku, hivi vinamfaa kuliko sponji. Ila masikio hayalingani kwa ukubwa, na hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja huweza kutofautiana. Anayenunua saizi moja kwa wafanyakazi wote amewakinga baadhi yao tu.

Vya nta na silikoni ya kufinyanga huziba mlango wa sikio tu, haviingii ndani. Ni vizuri kwa kulala jirani na ukumbi wa sherehe. Kwa mashine havitoshi, na kwenye jua la pwani nta hulainika mapema.

Kundi la nne linawahusu wapiga ngoma, wapiga kinanda, madijei na kila anayefanya kazi ndani ya muziki. Kizibo cha kawaida kinakata sauti nyembamba kuliko nzito, kwa hiyo muziki unasikika kama uko nyuma ya ukuta, na mpigaji anakichomoa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Etymotic ya Marekani ilitoa vizibo vyenye kichujio kinachopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribia kuwa sawa, takriban desibeli 15. Muziki unabaki muziki, ila mdogo. Leo kampuni nyingi zinatengeneza vya namna hiyo, na bei zake zinatofautiana sana kati ya vile vya saizi za kawaida na vile vinavyofinyangwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja.

Juu ya hivyo kuna vifuniko vikubwa vinavyoshika sikio lote kwa nje. Ni rahisi kuvaa sawasawa, na msimamizi anaviona akiwa mbali. Kwenye joto na unyevunyevu wa Rufiji huchemsha, na miwani ya fundi ikipita chini ya ukingo wake inaacha mwanya. Kwa kelele kali kama ya msumeno wa injini, kifuniko na kizibo huvaliwa pamoja. Ukivaa vyote viwili usijumlishe namba zake: cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi.

Namba kwenye boksi

Vizibo vinavyotoka Marekani huwa na herufi NRR na namba, kwa mfano 29 au 33. Vya Ulaya vina SNR. Mnunuzi hudhani akiwa kwenye kelele ya 100 na kizibo cha 29, anabaki na 71. Sivyo. Namba hiyo inatoka maabara, ambako mtaalamu anahakikisha kizibo kimekaa barabara kwenye sikio la mtu aliyetulia.

Wakaguzi wa Marekani hutumia kanuni ya tahadhari kwa NRR: toa 7, kisha gawa kwa mbili. Ya 29 inakuwa 11. Kelele ya mashine ya desibeli 100 inashuka hadi 89, na muda salama unapanda kutoka robo saa hadi kama saa tatu. Ni nafuu kubwa, lakini haijafika zamu nzima. Mvaaji akikivaa kizibo vizuri anaweza kupata kinga mara mbili ya hiyo 11, na pengo hilo linazibwa na vidole vyake mwenyewe.

Namna ya kuvaa sponji haibadiliki. Mikono inaoshwa. Sponji inaviringishwa mpaka iwe nyembamba na nyoofu, bila mikunjo. Mkono wa upande wa pili unapitishwa nyuma ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma, ili njia yake iliyopinda inyooke. Kizibo kinaingizwa haraka na kushikiliwa kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kijae. Kikikaa sawa, mtu anayekutazama usoni hatakiona kikichomoza, na sauti yako mwenyewe utaisikia nzito kama unaongea ndani ya mtungi. Kisha funika masikio kwa viganja na uachie. Kelele ikibadilika sana kati ya kufunika na kuachia, kizibo hakijakaa. Kichomoe uanze upya.

Umuhimu wa kukaa sawa ulijadiliwa kwa gharama kubwa sana nchini Marekani. Mamia ya maelfu ya askari na waliokuwa askari waliishtaki kampuni ya 3M kwa madai kuwa vizibo vya kijeshi walivyopewa vilikuwa vifupi kiasi cha kulegea sikioni bila mvaaji kujua. Bila kukiri kosa, kampuni ilikubali Agosti 2023 kulipa takriban dola bilioni 6 kumaliza mashauri hayo.

Muda nao una hesabu yake. Chukua kizibo kinachozuia desibeli 30 kikivaliwa zamu nzima ya saa nane. Mvaaji akikitoa kwa jumla ya nusu saa, kidogo kidogo, kuongea na wateja huku mashine inanguruma, wastani wa kinga yake unashuka hadi desibeli 12. Akikitoa nusu ya zamu, anabaki na 3. Kizibo cha desibeli 15 kisichotoka sikioni kinakishinda cha 30 kinachoingia na kutoka.

Anayehitaji kusikia

Hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, hasa majini. Kwenye mito ya delta, kona za mikoko huficha chombo kinachokuja, na nahodha huisikia injini ya mwenzake kabla ya kuiona. Anahitaji pia kumsikia abiria anayepiga kelele kwamba mtoto ameegemea ukingo. Nahodha akijaza sponji ya NRR 33 amelinda masikio na kuhatarisha boti.

Mwongozo unaotumika Ulaya unashauri sauti inayobaki ndani ya kinga iwe kati ya desibeli 75 na 80. Ikishuka chini ya 70, mvaaji anatengwa na mazingira yake. Hasikii hatari inayokuja, na mara nyingi anaishia kuitoa. Kwa boti yenye kelele ya desibeli 90, kinga ya kweli ya desibeli 10 hadi 15 inatosha. Vizibo vyenye kichujio, ambavyo haviuondoi mlio wa honi wala maneno ya watu, vinamfaa nahodha na bodaboda vilevile. Kwa mwendesha pikipiki, kizibo chepesi ndani ya kofia ngumu hupunguza mvumo wa upepo, na honi ya basi la Mtwara linalotaka kupita husikika waziwazi zaidi kuliko ilipokuwa imefunikwa na mvumo huo.

Jambo moja halina mjadala: vizibo haviendi kuzamia. Mvuvi anayepiga mbizi akiwa na vizibo anafungia hewa kati ya kizibo na kiwambo cha sikio. Akishuka, maji hukisukuma kizibo ndani, na kiwambo kinaweza kuumia.

Sikio linalotoa usaha, linalowasha au kuuma halizibwi, linapelekwa hospitali. Joto na jasho la pwani hupendwa na fangasi wa masikio, na kizibo kichafu ni mwaliko kwao. Sponji iliyokakamaa au kubadilika rangi hutupwa, haifuliwi. Nta ya sikio haichokolewi kwa kiberiti wala kwa njiti ya pamba kabla ya kuvaa, kwa sababu njiti huisukuma ndani zaidi. Na vizibo viwekwe mbali na watoto wadogo, wanaoweza kuvimeza au kukabwa navyo.

Kabla ya kizibo, mashine

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake na kuwapatia vifaa vya kujikinga pale hatari isipoweza kuondolewa. Mfanyakazi hapaswi kukatwa mshahara ili anunuliwe sponji. Kelele inayovuka ukuta na kufika kwa jirani ina kanuni zake za mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limewahi kuzifungia baa na kumbi kwa kuzikiuka. Kwa kumbi za muziki, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 viwango vinavyotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100, pawepo sehemu ya utulivu, na wateja wapatiwe vizibo.

Mpangilio wa wataalamu huanza na chanzo na kumalizia na sikio. Beringi iliyochakaa hubadilishwa. Egzosi ya injini hutolewa nje ya banda na kuelekezwa mbali na wateja. Injini hufungwa juu ya mpira mzito badala ya kugusa zege moja kwa moja. Upande mmoja wa banda huachwa wazi ili sauti itoke. Kuhama kutoka mita moja hadi mita mbili kutoka kwenye injini, mahali pa wazi, kunapunguza karibu desibeli 6, yaani muda salama unakuwa mara nne, bila kutumia shilingi.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha vizibo. Mwenye mashine Kibiti anayeagiza mzigo Kariakoo anaweza kuongeza kwenye orodha yake boksi la sponji la saizi mbili tofauti, vizibo vya silikoni vyenye kamba kwa kila mfanyakazi, na vifuniko viwili vya nje. Sponji na silikoni wajaribu wafanyakazi wenyewe, kila mmoja achague kinachokaa sikioni mwake bila kuuma mpaka zamu iishe. Vifuniko vitundikwe karibu na swichi, kwa ajili ya mteja anayesimamia mpunga wake na mtoto aliyetumwa kusubiri gunia la nyumbani.